Mumunye lililogeuka chungu: kutunza na kugawana mbegu za mboga kijijini

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 18 huku Msambweni, Kwale. Kila msimu tunanunua mbegu za mboga dukani na bei haishiki, kwa hivyo mwaka jana tuliamua kuweka zetu wenyewe. Mambo hayakwenda vizuri. Bamia tulizipukuchua, tukazianika siku mbili, tukazifunga kwenye chupa. Tulipopanda, zikaota chache mno. Kunde zilitobolewa zote na wadudu. Mamumunye, ambayo mbegu zake zilitoka shambani kwangu mwenyewe, yalizaa sana lakini ni machungu, hayaliki. Juu ya hayo, mwenzetu mmoja ametutia hofu kwamba kugawana mbegu ni kosa la jela. Tuna bibi mmoja hapa kijijini, ndiye pekee aliyebaki na kunde nyeusi za zamani, na tulitaka kuanzia kwake. Je, tuendelee? Na kama tunaendelea, tufanye vipi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Endeleeni. Hayo matatu yaliyowapata yana sababu zinazojulikana, na kila moja ina dawa yake. La jela nitalijibu pia, kwani hapo Kenya imepiga hatua kubwa.

Nianze na mamumunye, kwa sababu hapo pana hatari. Yaliyobaki shambani msiyale, na msidhani kuyachemsha kutaondoa uchungu. Ule uchungu ni sumu na moto hauimalizi. Mtu akilazimisha kula huumwa tumbo, hutapika na kuharisha, na wako waliofikia kutapika damu. Mtoto akikwambia mumunye ni chungu, usimwambie amalize sahani. Ng'oeni kila mmea uliozaa tunda chungu, na msiweke hata punje moja ya mbegu yake.

Sasa, uchungu umetoka wapi? Naamini ukizunguka jirani na shamba lako utamkuta mtu mwenye vibuyu, pengine anayepanda vya kuwauzia wagema. Mumunye na kibuyu ni mmea mmoja. Wataalamu huuita Lagenaria siceraria kwa jina moja tu. Bibi zetu walichagua ule wenye nyama laini na tamu wakauita mumunye, na ule wenye ganda gumu wakaufanya chombo. Kibuyu hakuna aliyekichagua kwa utamu, ndiyo maana vingi vimebaki na uchungu wa mwituni. Vikipandwa karibu, vinaoana.

Kilichokuchanganya ni kwamba mwaka ule wa kwanza ulikula mamumunye matamu. Hivyo ndivyo inavyokuwa. Chavua ya kibuyu ikifika kwenye ua jike la mumunye lako, tunda linalotoka huwa tamu kama kawaida, maana nyama ya tunda ni ya mama. Baba yumo ndani ya mbegu. Unakula, unafurahi, unaweka mbegu, na msimu unaofuata ndipo baba anajitokeza. Watu wengi hulaumu boga lililopandwa kando, na boga wanalionea. Boga na mumunye haviwezi kuoana hata mkivipanda shimo moja.

Dawa yake ni kuwaozesha wenyewe, kwa mikono, na kazi hii mkishaifanya mara moja hamtaisahau. Ua la mumunye ni jeupe, hufunguka jua linapozama na hunyauka asubuhi, na usiku mgeni wake mkubwa ni nondo. Kwa hivyo nendeni shambani saa kumi na moja jioni, kabla maua hayajafunguka. Tafuteni ua jike: nyuma yake lina mumunye dogo kama kidole cha mtoto, lenye manyoya. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba na nyuma yake hakuna kitu. Maua yatakayofunguka jioni hiyo huonekana, ncha zake zimevimba na kuwa nyeupe. Funga ncha ya ua jike kwa uzi, taratibu, usilivunje, na ufunge maua dume mawili au matatu ya mmea mwingine wa mumunye. Magharibi ikiingia na maua mengine yameanza kufunguka, chuma yale dume, fungua, ng'oa petali zake, kisha fungua ua jike na umpake ile chavua kwenye kichwa chenye kunata kilicho katikati. Ukimaliza, lifunge tena ua jike kwa uzi uleule nondo asije akaongeza yake. Kwenye kikonyo cha tunda funga utepe wa kitambaa wa rangi inayoonekana. Hilo ndilo tunda la mbegu, na watu wote wa nyumbani wajue haligusiwi kisu.

Si yote yatakayoshika. Fungeni kumi mpate manne. Na mbegu ya kuanzia muiombe kwa mtu ambaye mamumunye yake yana sifa ya utamu miaka yote, si kwenye mashamba yenu ya mwaka huu. Matunda ya kwanza ya msimu ujao, kateni kipande kidogo mguse kwa ncha ya ulimi na kutema, mmea kwa mmea, kabla hamjapika.

Habari njema ni kwamba mazao mengi hayahitaji harusi ya namna hii. Kunde, maharagwe na nyanya hujichavusha yenyewe, ua linapofunguka kazi imekwisha. Ukipanda aina mbili za kunde hatua chache baina yake, kila moja itabaki kuwa ilivyo, labda punje moja moja iliyochanganyika ya kuchagua na kuitoa. Kwa kawaida kikundi kinachoanza huanzia hapo. Bamia, biringani na pilipili ziko katikati: zinajichavusha, lakini nyuki wanapenda kuzitembelea na kuzichanganya. Kwa hizo, kubaliana kwamba kila mwanachama wa upande mmoja wa kijiji anapanda aina moja tu ya bamia kwa ajili ya mbegu, na aina nyingine iende upande wa pili. Pilipili kali ikikaa na pilipili hoho, watoto wa hoho watawasha. Maboga, matango na matikiti yanaoana na ndugu zao kwa nyuki, na njia ya uzi inafaa kote huko, ila ua la boga hufunguka alfajiri, basi mtafunga jioni na kuozesha asubuhi mapema. Mchicha chavua yake hupeperuka, na hata lile doadoa, yaani mchicha wa mwituni, lililo kando ya njia linaweza kuingia. Ling'oeni kabla halijatoa masuke.

Mahindi nayaweka mbali kwa makusudi. Chavua yake inakwenda na upepo mamia ya mita, na ukichukua mbegu kwenye magunzi matano au sita zao linadhoofika msimu hadi msimu. Mahindi yanataka mbegu kutoka mimea mia na zaidi. Tena kama mnapanda PH4 au mbegu nyingine chotara, msihangaike kuiweka: mtoto wa chotara hatoki kama mzazi, mtapata mahindi ya kila kimo. Hali ni hiyohiyo kwa nyanya chotara za dukani. Pakiti ikiandikwa F1, hiyo ni ya kupanda na kula. Mahindi ya kienyeji na Coast Composite hayana shida hiyo, lakini yaacheni mpaka kikundi kikomae.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, ukinilazimisha kubaki na moja tu, ndilo nitakalobaki nalo. Mbegu zetu nyingi ni masalia. Mama anachuma bamia wiki kwa wiki, anachagua nzuri za sokoni, na mwisho wa msimu ile iliyokomaa ikamponyoka, kwenye mmea uliochoka, ndiyo inayoitwa mbegu. Au nyanya zinauzwa zote, zile zilizopasuka zikakosa mnunuzi ndizo zinazokamuliwa. Ukifanya hivyo miaka mitano, umechagua kwa uaminifu kabisa bamia inayochelewa, iliyokonda, iliyokaa na magonjwa. Huna haja ya kumlaumu mwenye duka.

Fanyeni kinyume. Mmea wa mbegu uchaguliwe ukiwa bado mchanga na wenye nguvu, kabla ya uchumaji wa kwanza, na ufungwe utepe. Katibu na wenzake wawili wazunguke mashamba ya wanachama asubuhi moja na kutazama: upi umetangulia kuzaa, upi umestahimili jua la wiki ile ya kiangazi, upi majani yake hayana mabaka. Mmea wenye majani yaliyojikunja au yenye madoa ya kijani na manjano usiwe mzazi, hata ukizaa vipi, maana virusi vingine vya kunde na maharagwe hupita ndani ya mbegu. Kwa bamia tafuteni mimea ishirini hivi, mkiikusanya kwenye mashamba ya watu wanne au watano. Kwa kunde hata kumi na tano inatosha. Mama mmoja peke yake hawezi kutoa mimea ishirini mizuri. Kikundi kinaweza, na hapo ndipo faida yenu ya kwanza ilipo, hata kabla ya kugawana chochote.

Kwenye ule mmea wenye utepe, maganda ya kwanza ya bamia yaachwe yakomae. Najua inauma kuyaacha, maana ndiyo bei nzuri. Bamia iachwe mpaka ganda liwe la kahawia na ukilitikisa linalia. Biringani iachwe mpaka iwe ya manjano na kahawia, tango liwe la manjano kabisa, mumunye liwe gumu kama kibuyu na mbegu ziseme ndani. Tunda linalofaa kuliwa, mbegu yake bado ni mtoto. Nyanya na tikiti ni miongoni mwa yale machache yanayoiva kwa mlaji na kwa mbegu siku moja.

Nyanya ina kazi yake ndogo. Ule utelezi unaozunguka mbegu huizuia isiote. Kamueni kwenye bakuli bila kuongeza maji, funikeni kitambaa, acheni siku mbili, na kwa joto la Pwani isizidi tatu. Ikitoa povu na harufu, mimina maji mengi, koroga; mbegu nzuri huzama, hafifu na nyamanyama huelea. Mwaga zinazoelea, suuza mara tatu, kisha anika kwenye sahani au ungo. Kwenye karatasi zitagandia.

Tuje kwenye bamia zenu. Mlichokosea, nadhani, si kufunga kwenye chupa. Chupa ni sahihi. Kosa ni kufunga mapema. Chupa hufungia ndani chochote kilichomo: ukiweka mbegu kavu inabaki kavu, ukiweka yenye unyevu unaifungia na unyevu wake, inapumua, inapata joto, inakufa. Na huku kwetu siku mbili hazitoshi. Hewa ya Pwani ina unyevu mwingi mwaka mzima, na mbegu hunywa kutoka hewani kama chumvi inavyofanya. Mchana inakauka, usiku ikiachwa wazi barazani inarudi ilikokuwa. Kanuni wanayoitumia watunza mbegu duniani ni kwamba kila mkiondoa asilimia moja ya unyevu ndani ya mbegu, maisha yake huongezeka takriban maradufu, na kila mkipunguza joto la mahali inapokaa kwa nyuzi tano za Selsiasi, vivyo hivyo. Joto hatuna uwezo nalo sana. Ukavu tunauweza.

Bibi zetu walikuwa na jibu: waliyaning'iniza mahindi na mafungu ya kunde darini juu ya mafiga, moshi na joto la kila siku vikaziweka kavu na kuwafukuza wadudu. Siku hizi jiko ni la gesi au la makaa, limetolewa nje, na dari haina moshi. Mbinu imeondoka na hatukuweka nyingine mahali pake.

Basi mtumie majira. Pangeni mazao ya mbegu yapandwe na mvua za vuli, yakomae kuanzia Desemba, mkaushe Januari na Februari wakati kaskazi inavuma na jua ni la kweli. Mbegu ya masika inakomaa Julai kwenye manyunyu ya kusi, na huo ni mwezi mbaya wa kuanika chochote. Anikeni kwenye mkeka au ungo ulioinuliwa juu ya kitanda cha kamba, hewa ipite chini, asubuhi hadi saa tano na tena alasiri. Jua la saa saba juu ya bati au turubai jeusi hupika mbegu. Mkono wako ukishindwa kutulia juu ya kile kianikio, mbegu nayo haiwezi. Kila jioni ziingizwe ndani zifunikwe. Fanyeni hivyo siku tano hadi saba.

Kisha mkaushe mara ya pili kwa mchele. Kikaango kikavu, mchele kiasi, moto mdogo, geuza kwa nusu saa mpaka ubadilike rangi kidogo na ulie ukiukoroga. Umimine ungali moto kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, ufikie nusu, ufunge, uache mpaka upoe kabisa. Mbegu ziwe kwenye kifuko cha kitambaa chepesi, muweke juu ya mchele uliopoa, mfunge, mkae nazo wiki mbili. Mchele unavuta unyevu ambao jua halikuweza kuutoa. Baada ya hapo mbegu zihamie kwenye chupa yake kavu, ijae hadi karibu na mdomo, na mchele ukaangwe tena kwa zamu ijayo, msiule. Mtajua zimekauka kwa kujaribu: mbegu ya boga au mumunye ikikunjwa inakatika badala ya kupinda, na punje ya kunde ikigongwa kwa jiwe inapasuka vipande badala ya kubonyea.

Kabla hamjazitupa zile bamia zenu, jaribuni jambo moja. Mbegu ya bamia ina ganda gumu na nyingine hulala tu. Hesabuni 50, zilowekeni usiku mmoja, mzikunje ndani ya kitambaa kibichi, mkiweke kivulini na kukinyunyizia maji kila siku. Siku ya saba hadi ya kumi hesabuni zilizochipua. Zikifika 40, zilikuwa zimelala, pandeni. Zikiwa 25, pandeni mbili mbili kila shimo msimu huu huu na msiziweke tena. Zikiwa chini ya hapo, hizo ni za jalalani. Kipimo hiki kifanyeni kwa kila mbegu mwezi mmoja kabla ya mvua. Kunde hujibu ndani ya siku tano, pilipili huenda ikawasubirisha wiki mbili au zaidi.

Kunde zilizotobolewa: mdudu hakuingia ghalani, mlimleta wenyewe kutoka shambani. Fukusi wa kunde hutaga mayai kwenye ganda likiwa bado juu ya mmea, na kiwavi hukua ndani ya punje, ukiitazama huoni kitu. Wiki chache baadaye anatoboa dirisha na kutoka, anataga tena, na hesabu inakuwa ya maelfu. Kwa hivyo vuneni kunde za mbegu mara zinapokauka, msizisubirishe shambani. Zikauke, mchague, kisha mjaze chupa ya soda ya lita mbili mpaka juu kabisa, mkigongagonga chini ili zishuke na kuongeza nyingine, na mfuniko ukazwe sana. Hewa iliyobaki ni kidogo. Wadudu waliomo wataimaliza na kufa kabla hawajazaliana. Hii ndiyo akili iliyomo kwenye mifuko ya PICS mnayoiona madukani, ile ya kuhifadhia nafaka bila kuingiza hewa, ambayo kwanza ilibuniwa kwa ajili ya kunde. Msiifungue chupa kuonyesha wageni. Asiye na chupa achanganye kunde na majivu makavu yaliyochekechwa, kipimo kwa kipimo, akandamize, na juu aweke tabaka la majivu matupu.

Haya, mbegu mnazo. Kugawana.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nasaidia kikundi kimoja upande wa Kilifi. Mimi ndiye niliyewashauri mbegu zote ziwekwe mahali pamoja, kwenye kabati la mweka hazina, ili hesabu iwe rahisi. Usiku mmoja wa Mei makuti yakavuja. Hakuna aliyejua mpaka Septemba kabati lilipofunguliwa, na ndani mlikuwa na aina ya mchicha wenye shina jekundu ambao sijauona tena mahali popote. Yule mama aliyetuletea alikuwa ametoa mbegu zote alizokuwa nazo, kwa kutuamini. Tangu siku ile sikubali ghala la nyumba moja.

Kila aina iwe na walezi watatu, nyumba tatu zisizo chini ya paa moja, ikiwezekana vitongoji tofauti. Mlezi kazi yake si kuweka chupa tu. Anaipanda aina yake angalau kila msimu wa pili, anafunga tepe, anachagua, anakausha, anarudisha. Mama 18, walezi watatu kwa kila aina, maana yake kila mtu akilea aina moja mna aina sita, na sita zinazolelewa vizuri ni utajiri. Vikundi vingi vinaanza na aina thelathini mezani siku ya picha na baada ya mwaka zimebaki tano. Mwaka wa kwanza anzeni na tatu: kunde, bamia na mumunye, kwa kuwa hayo ndiyo yaliyowaumiza na mtayafanya kwa uchungu wa kweli.

Anayekopa kibaba arudishe viwili, vya mmea wenye utepe, vikavu. Asiyevuna kwa sababu ya ukame asidaiwe, apewe tena. Mkianza kumdai aliyekosa mvua, mwakani hatakuja kukopa, na jina lake mtalikosa kwenye daftari mnapomhitaji. Aliyeshindwa mara tatu mfululizo huku jirani yake kavuna, huyo mtembeleeni shambani kabla ya kumpa ya nne.

Na mbegu isitoke mkononi bila maneno yake. Kipande cha karatasi ndani ya chupa, kingine kimebandikwa nje kwa sababu cha nje hubanduka: jina la mbegu kama anavyoiita aliyeileta, liwe la Kidigo au Kiduruma, msilitafsiri; imetoka kwa nani na kitongoji gani; mwezi na mwaka iliyovunwa; inakomaa siku ngapi; inapenda udongo gani; inapikwaje. Hilo la mwisho watu hulidharau, lakini nimeona mbegu ikikataliwa na kizazi kipya kwa sababu tu hakuna aliyewaambia majani yake huchujwa maji ya kwanza.

Neno moja la tahadhari. Mkishaanza kupeana, mtatamani kupeana na vipande vya mihogo. Hapo simameni. Mbegu ya punje haibebi magonjwa mengi ya mmea mzazi, lakini kipande cha shina kinabeba kila virusi vilivyomo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa tangu 1936 na watafiti wa Amani, Tanganyika, na hadi leo unaitesa Pwani yetu hii, na mmea wake unaweza kuonekana mzima juu huku kiazi kimeoza chini. Vipande vitoke kwenye shamba ambalo mmeng'oa mihogo yake na kuipasua mkaiona nyeupe, au mviombe KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, pale Mtwapa.

Sasa jela. Mwenzenu hakutunga. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, baada ya marekebisho ya 2012, ilifanya iwe kosa kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuthibitishwa, na adhabu ilikuwa kifungo cha hadi miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kuipinga, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vilivyomzuia mkulima kuweka, kugawana na kubadilishana mbegu zake za asili vinakiuka Katiba. Katiba yenyewe ya 2010, Ibara ya 11, inaliagiza Bunge kutunga sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Nilipousikia uamuzi ule nilikumbuka akina mama walionipa mbegu wakizitoa chini ya leso kana kwamba ni magendo, na nilishukuru sana.

Kwa hivyo kunde za bibi, bamia na mamumunye yenu, gawaneni bila hofu. Mipaka ninayowashauri ni miwili. Msichukue aina ya kampuni mkaigawa au kuiuza kwa jina lake, kwa sababu haki za wazalishaji wa aina mpya ni jambo jingine. Na siku mtakapotaka kufunga pakiti na kuuza madukani, nendeni kwanza mkazungumze na KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea.

Mkitaka wenzenu, wapo. Seed Savers Network ya Gilgil imekuwa ikifundisha vikundi kuanzisha benki za mbegu za jamii tangu 2009. Na Muguga kuna benki ya taifa ya vinasaba vya mimea, iliyoanza 1988, ambayo huhifadhi mbegu kwenye baridi kali kwa miaka mingi. Mkishapata kunde nyeusi za kutosha, peleka sampuli huko iwe nakala ya mwisho, pamoja na yale maelezo ya karatasi. Ila Muguga isihesabiwe kuwa mlezi wa tatu. Mbegu iliyolala kwenye baridi haijifunzi jua la Msambweni.

Bibi msimsubirishe hadi vuli. Nendeni wiki hii, wawili tu, na msiende mikono mitupu. Msianze na kuomba mbegu. Kaeni, mwacheni aeleze alizipata kwa nani na walikuwa wakizipanda mwezi gani. Muulize mmea wake unatambaa au unasimama, ua ni la rangi gani, majani huchumwa lini, na kama kuna kunde nyingine aliyokuwa nayo akaipoteza, kwa sababu huenda jina hilo likamgusa mtu mwingine kijiji cha pili. Andikeni maneno yake kama anavyoyasema. Mwombeni kibaba kimoja kama anacho, na kama hana, punje mia moja. Hesabuni mbele yake, mwachieni zaidi ya mnazochukua. Zile mtakazopewa zigawanyeni palepale mafungu matatu, kila fungu na nyumba yake, na mumuulize yeye mwenyewe angependa zilelewe na nani.